Rangi Ikiwa Mbichi, Shika Mkaa

Vijana wanaoanza rangi ya mafuta huniuliza jambo moja kuliko yote: "Hii itakauka lini?" Wanataka niwatajie siku. Mimi huwajibu kwamba rangi ya mafuta ina ratiba yake, na mchoraji mwenye akili hupanga wiki yake kuifuata, si kuisimamia kama mtu anayekodolea sufuria ya maji ichemke.

Naandika haya nikiwa katikati ya kazi. Tangu masika yaanze nimekuwa nikichora mafundi wa mtaani kwetu hapa Dar es Salaam: fundi cherehani wa barazani, fundi viatu wa pale kituoni, na mama mmoja anayesuka ukili huku akiuza vitumbua. Picha za mafuta zimeegemea ukuta, kila moja na hatua yake. Moja ina tabaka la kwanza la kahawia tu. Nyingine uso umeshakaa, shati bado. Nyingine inangoja mguso wa mwisho. Mezani kuna rundo la michoro ya mkaa, mingine imechafuka mpaka haitazamiki. Watu wakiingia hudhani lile rundo ni mazoezi na za ukutani ndizo kazi. Lakini zile za ukutani zingekuwa hovyo bila lile rundo, na lile rundo lisingekuwepo kama rangi ingekuwa inakauka kwa saa moja.

Tuanze na huko kukauka. Rangi ya maji hukauka kwa sababu maji yanaondoka. Ya mafuta haiko hivyo. Mafuta ya mbegu za kitani yaliyomo hayaendi popote. Yanavuta oksijeni iliyo hewani, yanashikana, na polepole yanageuka ngozi ngumu. Ndiyo maana unaweza kuipuliza picha kwa feni usiku kucha na asubuhi ukaikuta vilevile. Hewa nzito ya masika inachelewesha zaidi. Na rangi zenyewe hazilingani: kahawia ya umba ina manganizi, ambayo huharakisha, kwa hiyo ikipakwa nyembamba mara nyingi inashikika baada ya siku moja au mbili. Nyeusi na nyekundu ya alizarini zinaweza kumaliza wiki na zaidi bado zinanata. Nyeupe ya titani nayo haina haraka. Ukishalijua hilo, tabaka la chini utalifanya kwa umba iliyolainishwa na tapentaini, na nyeusi ya tyubu utaiweka mbali kabisa na chini.

Tafadhali pia usibadilishe mafuta. Kuna watu wanaongeza mafuta ya nazi kwenye rangi kwa kuwa ndiyo yaliyo jikoni. Mafuta ya nazi hayakauki. Si wiki hii, si mwaka ujao. Ya alizeti ya kupikia nayo yatakusumbua. Yaache kwa kazi ya kuoshea brashi, na huko yanafaa sana: futa brashi na kitambaa, ichovye kwenye mafuta ya kupikia, ifute tena, kisha malizia na sabuni ya mche na maji mpaka povu litoke jeupe. Tapentaini utaitumia kidogo na kichwa hakitakuuma.

Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukaomba rangi ya mafuta, utapewa kopo la rangi ya milango na mageti. Usiidharau. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za makopo za namna hiyo juu ya hadibodi, na kutoka hapo ukazaliwa mtindo mzima unaobeba jina lake hadi leo. Zile rangi zinang'aa, zinakauka upesi, na zinapenda mstari safi na eneo lililojazwa rangi moja. Ila ukitaka shavu liingie kivulini taratibu bila mpaka kuonekana, zitakushinda. Rangi ya tyubu inakupa mchana mzima wa kuivuta na kuirudisha. Huo ndiyo ubora wake, na ndiyo gharama yake pia, kwa sababu baada ya hapo lazima uiache.

Sasa ukishaiacha ufanye nini? Chora.

Siku ambayo shati la fundi cherehani bado lilikuwa bichi, nilichukua karatasi za kaki na mkaa nikaenda barazani kwake. Sichori mtu bila ruhusa, na sichori mtu bila kumlipa muda wake, hata kama yeye mwenyewe anasema si lazima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo tena?"

"Leo mikono tu, mzee. Uso nimeupumzisha."

Akaendelea kushona. Baadaye uso nao ulinivuta, nikauanza pembeni mwa karatasi, akainama kuutazama. "Mbona macho hujaniwekea?"

"Bado, mzee. Kwanza nayatafutia shimo la kukaa."

"Haya, angalia usije ukanizika humo."

Alicheka, lakini nilimaanisha. Ukianza na macho, yaani kope, mboni na ule mng'ao wa katikati, utakuwa umechora vitu viwili vizuri vinavyoelea. Jicho linakaa ndani ya tundu la fuvu, na tundu lile lina kivuli. Weka kivuli kwanza, kipana, bila aibu, kwa ubavu wa mkaa. Finya macho mpaka mtu aliye mbele yako abaki madoa matatu: giza, kati, na mwanga. Kama mchoro wako nao ukiufinyia macho unatoa madoa yaleyale mahali palepale, umefika mbali kuliko mtu aliyechora kila unywele. Kope zina zamu yake.

Kwa vipimo ninatumia timazi. Si ile kubwa ya fundi mwashi. Ni uzi wenye nati mwishoni. Unaining'iniza mbele ya jicho moja na kuuliza: pembe ya jicho iko juu ya nini? Kwa mzee wangu, pembe ya jicho la kushoto ilishuka moja kwa moja hadi kwenye gurudumu la cherehani, wakati mimi kwa kubahatisha ningeipeleka kwenye meza. Uzi hauna upendeleo. Penseli iliyonyooshwa kwa mkono ulionyooka hufanya kazi ya pili: kupima kichwa kinaingia mara ngapi kutoka kidevuni hadi kwenye pedali. Mkono usipinde kiwiko, la sivyo kipimo kinabadilika kila ukipumua.

Karatasi ya kaki naipenda kuliko nyeupe. Rangi yake tayari ni ule mwanga wa kati, kwa hiyo mkaa unashughulikia giza na chaki nyeupe inashughulikia pale tu panapong'aa: ncha ya sindano, kwato ya cherehani inapokandamiza kitambaa, ukucha wa kidole gumba. Na chaki uitumie kwa ubahili. Kifutio, kama huna kile laini cha kufinyanga, chukua sehemu laini ya mkate, ibinye iwe donge, uinue nayo mkaa bila kusugua. Wachoraji wamefanya hivyo kwa karne nyingi.

Mkaa wa jikoni haufai, ni mgumu na unakwaruza. Wa kuchorea unaweza kuutengeneza mwenyewe. Kata vijiti vilivyonyooka vya mti laini, unene wa penseli au pungufu, menya gome, viache vikauke. Vipange vimebanana ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko, toboa tundu dogo la msumari juu, weka kopo kwenye jiko la mkaa. Moshi utatoka tunduni, mweupe na mzito, kisha utapungua. Ukikoma, ipua. Hapa ndipo subira inapohitajika: usifungue mpaka kopo lipoe kabisa, maana hewa ikiingia vikiwa na moto vitageuka majivu mbele ya macho yako. Jaribu miti tofauti. Kila mmoja hutoa weusi wake.

Huenda unasema, si nipige tu picha kwa simu? Piga, mimi pia napiga. Lakini simu huamua kwa niaba yako. Ukiwa na mtu mweusi ameketi kando ya mlango wenye jua, simu itaokoa mlango na kumfanya mtu shimo, au itamwokoa mtu na kuuchoma mlango uwe mweupe mtupu. Vilivyomo ndani ya kivuli, ambavyo jicho lako linaviona bila shida, vinapotea. Mchoro wa mkaa ndiyo unaoniambia kwamba chini ya kidevu cha mzee hapakuwa na giza tupu. Palikuwa na mwanga hafifu unaopanda kutoka kwenye kitenge cha kijani alichokuwa akishona. Nikaandika kwa penseli pembeni ya karatasi: "kijani, chini." Neno hilo limefanya kazi kubwa kuliko picha zote zilizomo kwenye simu yangu.

Na hapo tumefika kwenye ngozi, jambo ninalotaka kulikalia kidogo.

Ngozi nyeusi haichorwi kwa kahawia iliyotiwa nyeusi. Ukifanya hivyo utapata majivu, na mtu wako atatoka kama mgonjwa. Mimi giza langu natengeneza kwa siena ya kuchomwa, ile kahawia yenye wekundu, na bluu ya ultramarini. Zikikaribiana wingi unapata weusi wenye kina. Ukizidisha siena unapata weusi wa joto, ukizidisha bluu unapata wa baridi. Kwa kucheza na mizani hiyo tu unaweza kuugeuza uso mzima bila kugusa nyeusi. Oka, ile njano ya udongo, inaingia pale mwanga unapoanza, alizarini kidogo kwenye masikio na midomo. Halafu tazama paji la uso la mtu mweusi aliyeketi kwenye kivuli cha baraza mchana: mng'ao wake si mweupe. Anga limelala pale, ni bluu iliyopauka. Ukiweka nyeupe kavu ya tyubu itaruka mbele kama rangi iliyodondoka kwa bahati mbaya. Tia bluu, tia punje ya siena, kisha iguse mara moja na uondoe mkono.

Kuhusu mwanga wenyewe, vitabu vya Ulaya vinasema dirisha la studio litazame kaskazini. Kwao ni sahihi, jua lao liko kusini. Sisi wa Dar es Salaam tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua linapita upande wetu wa kaskazini, kwa hiyo lile dirisha la vitabuni ndilo linalopigwa. Miezi hiyo nageuza kazi zote kuelekea dirisha la kusini. Ikifika Novemba hadi Januari jua limehamia kusini, nami narudi kwenye dirisha la kaskazini. Mwenye dirisha moja tu atundike shuka jeupe jepesi, na achague saa zake: asubuhi kwa picha hii, jioni kwa picha ile, bila kuchanganya.

Sasa kitambaa. Kanvasi iliyowambwa tayari ni ghali, na nyingi za bei rahisi fremu zake hupinda. Mimi nanunua marikani nzito Kariakoo, fremu natengenezewa na maseremala wa Keko, nawamba mwenyewe. Anza katikati ya kila upande, kisha nenda ukielekea pembeni kwa kupokezana pande, mpaka ukigonga kwa kidole isikike kama ngoma. Mafuta yakigusa pamba moja kwa moja huiozesha taratibu, kwa hiyo lazima kuwe na kinga: jeso, ile rangi nyeupe ya msingi, tabaka mbili au tatu, ukipiga msasa mwepesi katikati. Watu hutumia rangi ya maji ya ukutani kubania matumizi. Ile ya bei ya chini ina chokaa nyingi na gundi kidogo, inaporomoka. Kama hela ni ndogo, afadhali hadibodi yenye jeso kuliko kitambaa chenye rangi ya ukuta.

Si lazima kitambaa kiwe pamba, hata hivyo. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, anachora kwa mafuta juu ya lubugo, lile gome la mti linalopondwa na Waganda. Matundu na mishono ya gome anaiacha ionekane, mchoro unaipitia au unaizunguka. Ukikutana na kazi zake, sogea karibu uone jinsi tundu moja linavyoweza kuamua bega la mtu lianzie wapi. Na kwa wale wanaoniambia rangi ya mafuta ni mambo ya Wazungu, huwa nawatajia Sam Ntiro, mtoto wa Kilimanjaro aliyesoma na kufundisha Makerere. Alichora kwa mafuta maisha ya kijijini kwao, na picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku ilinunuliwa na Museum of Modern Art ya New York mwaka 1960. Watu wake ni wa maumbo mepesi, hawana kope wala kucha. Sijui nani alituambia kuchora vizuri ni kuchora kila kitu.

Ukihamisha mchoro kwenda kwenye kitambaa, tumia gridi, au paka mkaa mgongoni mwa karatasi upitishe kalamu juu ya mistari. Kisha pangusa ule mkaa uliozidi kwa kitambaa kikavu na uimarishe mistari kwa umba nyembamba, vinginevyo njano yako ya kwanza itageuka kijani chafu.

Kanuni ya tabaka haina ujanja: chini mafuta machache, juu mengi zaidi. Tabaka la kwanza tapentaini inatawala, la pili rangi kama ilivyotoka kwenye tyubu, la tatu unaweza kuongeza tone la mafuta ya kitani. Ukigeuza mpangilio, lile la chini lenye mafuta mengi litakuwa bado linajikunja na kutanuka wakati la juu limeshakakamaa, na utapata nyufa. Soma pia maandishi ya tyubu ya nyeupe: nyingi zimechanganywa na zinki, ambayo kwenye mafuta huwa ngumu na kuvunjika miaka ikienda. Chagua ya titani tupu.

Jambo moja si la hiari. Vitambaa ulivyofutia mafuta ya kitani vinaweza kuwaka vyenyewe. Ile oksijeni inayokausha rangi inazalisha joto. Kwenye picha joto linapotea hewani, lakini kwenye kitambaa kilichokunjwakunjwa na kutupwa kapuni halina pa kwenda. Vitandaze nje kimoja kimoja vikauke, au vitumbukize kwenye kopo la maji lenye mfuniko. Wengi wetu studio ndiyo chumba cha kulala, watoto wako humo. Fungua dirisha ukitumia tapentaini, na usile andazi na mikono yenye rangi, hasa ukitumia nyekundu na njano za kadimi, ambayo ni metali yenye sumu.

Kuhifadhi: usiegemeze picha moja kwa moja kwenye ukuta wa nje wakati wa mvua, ukungu utapanda mgongoni mwa kitambaa. Weka vipande vya mbao nyuma hewa ipite. Na usiifungie kabatini wala kuigeuza uso ukutani kwa miezi. Mafuta ya kitani yakikaa gizani huwa ya njano. Ikishatokea, irudishe kwenye mwanga wa dirishani, si juani, na sehemu kubwa ya njano ile itapungua.

Mteja naye ana haraka zake. Harusi ni Jumamosi, picha aitake Ijumaa. Mimi mteja wa namna hiyo namuuzia mchoro wa mkaa, wenye fremu na kioo, na nimegundua kwamba wengi huondoka wameridhika. Mkaa huo nyunyizia dawa ya kuushikisha. Ile ya nywele ya saluni iache kwa mazoezi, maana karatasi hubadilika rangi. Anayetaka ya mafuta anaelezwa tangu siku ya kwanza kwamba atasubiri, na malipo ya awali yanalipwa akijua hivyo.

Ikibidi picha itoke haijakomaa, usikubali ifungwe kwenye nailoni ikagusa rangi. Mbili zenye ukubwa mmoja zitazamanishe, ukiweka vipande vya mbao kwenye pembe nne zisigusane, kamba nje, ndani ya bajaji si kwenye bodaboda. Kitambaa kilichotolewa kwenye fremu kiviringishe kama mkeka, upande wa rangi ukiwa nje, baada ya kukauka tu. Vanishi isubiri miezi 6 hadi mwaka mzima, na picha yenye rangi nene isubiri zaidi. Mimi mteja namwandikia tarehe ya vanishi nyuma ya fremu kwa penseli pamoja na namba yangu ya simu, na kazi ya kuipaka vanishi naifanya bure, kwa sababu akiileta picha nyumbani kwangu atazikuta na nyingine mpya.